Disleksia katika Lugha Isomekayo kama Inavyotamkwa

Maandishi ya Kiswahili yana sifa ambayo Kiingereza na Kifaransa hazina, nayo ni kwamba mtu aliyekwisha kuzijua herufi na silabi zake huweza kulitamka sawasawa karibu kila neno atakalokutana nalo, hata likiwa neno ambalo hajapata kulisikia maishani mwake. Sifa hiyo imeyapa madarasa ya mwanzo ya Tanzania na Kenya njia inayokumbukwa na kila aliyepita humo, ya kupanda kutoka a, e, i, o, u hadi ba, be, bi, bo, bu, na kutoka silabi hadi neno; lakini imezaa pia dhana yenye madhara, kwamba mtoto aliyeshindwa kusoma lugha nyepesi namna hiyo hana budi awe mvivu, mtoro au mzito wa akili. Utafiti wa zaidi ya miaka mia moja kuhusu watoto wenye akili timamu wanaoshindwa kusoma unaonyesha mambo tofauti, na sehemu ya utafiti huo inayowahusu zaidi wasomaji wa Kiswahili ni ile iliyofanywa katika lugha zenye tahajia nyoofu kama yake, kwa sababu ndiyo inayoeleza ni kwa nini tatizo hilo huvaa sura ambayo mwalimu wa darasa la pili anaweza kuishi nayo mwaka mzima bila kuitambua.

Hali hiyo huitwa disleksia, neno lenye asili ya Kigiriki linalounganisha dhana ya ugumu na dhana ya neno. Wataalamu huieleza kuwa ni ugumu wa kudumu wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa kwa usahihi na kwa wepesi, pamoja na ugumu wa kuyaandika kwa tahajia inayotakiwa, unaompata mtoto ambaye macho na masikio yake ni mazima, akili yake haina kasoro, na mafunzo aliyopewa yaliwatosha wenzake. Disleksia ni aina moja, iliyochunguzwa kuliko nyingine zote, ya kundi la matatizo yaitwayo kwa pamoja ulemavu wa kujifunza, ambamo imo pia disgrafia, yaani ugumu wa kuandika, na diskalkulia, yaani ugumu wa kuelewa idadi na hesabu. Jina la kundi zima lilienezwa na Samuel Kirk, mtaalamu wa elimu maalumu wa Marekani, aliyelitumia mbele ya mkutano wa wazazi mjini Chicago mwaka 1963, nalo linahitaji tahadhari, kwa kuwa nchini Uingereza maneno hayo hayo hutumiwa kwa maana ya upungufu wa akili. Si ajabu, basi, kwamba mzazi au mwalimu anayesoma vitabu kutoka nchi hizo mbili huzichanganya hali ambazo kimsingi hazihusiani: mtoto mwenye upungufu wa akili hupata shida katika karibu kila jambo la kujifunza, ilhali mwenye disleksia anaweza kusimulia hadithi, kubishana na kupiga hesabu za kichwa kuliko wenzake, kisha akakwama mbele ya mstari mmoja wa maandishi.

Utofauti huo ndio uliowashangaza madaktari wa kwanza. Mwaka 1877 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza hali aliyoiita upofu wa maneno, akiwazungumzia watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kudhurika, na miaka 10 baadaye Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, alichapisha andiko lililotumia neno disleksia. Wagonjwa hao, hata hivyo, walikuwa wamewahi kusoma. Jambo jipya liliingia tarehe 7 Novemba 1896, pale jarida la British Medical Journal lilipochapisha taarifa fupi ya daktari W. Pringle Morgan wa Seaford, Uingereza, kuhusu mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, mwerevu, mwepesi wa michezo, asiyesumbuliwa na hesabu, ambaye baada ya miaka saba ya kufundishwa kwa juhudi kubwa aliweza kulikosea hata jina lake mwenyewe katika kuliandika. Mwalimu wake alikuwa na maoni kwamba mvulana huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama mafunzo yote yangetolewa kwa mdomo. Kwa kuwa watoto wa namna hiyo walipelekwa kwanza kwa madaktari wa macho, ni mmoja wa madaktari hao, James Hinshelwood wa Glasgow, aliyeandika kitabu kizima juu yao mwaka 1917. Na ingawa yeye mwenyewe alishikilia kwamba kasoro iko ubongoni, fikra kwamba disleksia ni ugonjwa wa macho ilikwisha kupata mahali pa kukaa, na haijahama hadi leo.

Fikra hiyo ilipewa nguvu mpya na Samuel Orton, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi Iowa, Marekani, ambaye mwaka 1925 alivutiwa na watoto walioandika herufi kwa kuzigeuza, b ikawa d, akadhani kwamba nusu mbili za ubongo wao zilikuwa zikishindana. Dhana ya mashindano haikuthibitika, lakini imani kwamba kugeuza herufi ndiyo alama ya disleksia imedumu, na inafaa kuondolewa mapema kwa sababu huwatia wazazi hofu isiyo na msingi. Mtafiti Mfaransa Stanislas Dehaene ameeleza kwamba ubongo wa mwanadamu umezoea kuvitambua vitu bila kujali upande vilikoelekea, kwa kuwa kikombe hubaki kikombe mkono wake ukiwa kulia au kushoto, na mbuzi hubaki mbuzi akielekea kisimani au akirudi; herufi ni karibu kitu cha kwanza ambacho mtoto huambiwa kwamba kikigeuzwa kinakuwa kingine. Kila mtoto anayeanza kuandika hugeuza herufi, na wa miaka mitano au sita anayefanya hivyo anajifunza tu. Mwenye disleksia hugeuza pia, na huenda akaendelea kwa muda mrefu zaidi, lakini hilo ni tokeo la tatizo wala si chanzo chake.

Mgeuko mkubwa ulitokea pale watafiti walipoacha kuchunguza macho wakaanza kuchunguza namna mtoto anavyozishughulikia sauti za lugha. Katika Haskins Laboratories, Connecticut, Isabelle Liberman na wenzake walibuni mchezo ambao mtoto aligonga meza kwa kijiti mara moja kwa kila silabi ya neno alilosikia, huku kundi jingine likigonga kwa kila fonimu, yaani kila sauti moja moja inayoweza kutofautisha maana, kama p na b zinavyotofautisha papa na baba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1974 yalionyesha kwamba miongoni mwa watoto wa takriban miaka minne karibu nusu waliweza kuzigonga silabi, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kuzigonga fonimu; kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, asilimia 90 waliziweza silabi na asilimia 70 fonimu. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili hahitaji maabara ili aiamini nusu ya kwanza ya matokeo hayo, maana watoto wana mchezo wao wa kinyume, ambao silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mbele ili wasikilizaji wasielewe kinachosemwa, nyumba ikawa mbanyu na chakula kikawa lachaku, na mtu hahitaji kujua kusoma ili aumudu. Silabi hukatika ulimini kwa urahisi. Fonimu haikatiki hivyo, kwa sababu mtu anapotamka ba, kinywa huwa kimekwisha kujiweka tayari kwa a kabla b haijatoka, na kinachofika sikioni ni sauti moja iliyoungana. Herufi mbili zilizo kwenye karatasi ni uchambuzi ambao mtoto hakuwahi kuuhitaji katika kusema, na ambao analazimika kuujenga ili aweze kusoma.

Uwezo huo wa kuzitambua, kuzitenga na kuziunganisha sauti za neno huitwa ufahamu wa fonolojia. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha katika jarida la Nature kwamba wepesi wa mtoto wa miaka minne au mitano kuligundua neno lisilofanana kwa sauti na mengine ulibashiri namna atakavyosoma miaka kadhaa baadaye, na kwamba watoto waliofundishwa kuzipanga sauti, hasa walipofanya hivyo kwa herufi za plastiki walizoweza kuzishika mkononi, walisonga mbele katika kusoma na kuandika. Kuanzia hapo maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba watoto wengi wenye disleksia wana udhaifu katika kuhifadhi na kushughulikia sauti za lugha, hivi kwamba ndoa kati ya herufi na sauti, ambayo kwa mtoto mwingine hufungwa kwa majuma machache, kwao huchukua miaka na haikazi vizuri. Maelezo hayo hayatoshi kwa kila mtoto. Martha Denckla na Rita Rudel walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba watoto wengi wenye disleksia huchelewa pia kutaja mfululizo wa rangi, picha au tarakimu wanazozijua vyema, yaani kile kinachowalemea ni kulitoa jina kwa haraka, hata pale ambapo hakuna herufi ya kusomwa. Siku hizi watafiti huzungumza juu ya udhaifu kadhaa unaoweza kukutana kwa mtoto mmoja kwa viwango tofauti, na ndiyo sababu disleksia mara nyingi huambatana na ugumu wa kutulia na kuzingatia, au na diskalkulia.

Sehemu kubwa ya utafiti huo ilifanywa kwa watoto wanaosoma Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake imejaa historia kuliko kanuni, na kasoro hiyo ya utafiti haikuonekana mpaka wataalamu wa lugha nyingine walipoanza kupima watoto wao. Heinz Wimmer wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, alichapisha mwaka 1993 matokeo ya watoto wa Kijerumani wenye disleksia, ambao kinyume na ilivyotarajiwa walisoma kwa usahihi mkubwa, hata maneno ya kubuni yasiyo na maana, ila walisoma polepole mno. Miaka 10 baadaye Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya na kuona kwamba mwishoni mwa darasa la kwanza watoto wa Kifini, Kigiriki, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania walisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida, ilhali wale wa Kiingereza walisoma takriban theluthi moja tu. Kati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2001, Eraldo Paulesu na wenzake walikuwa wamewachukua wanafunzi wa vyuo vikuu wa Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza wenye disleksia na kuzipiga picha bongo zao wakiwa wanasoma. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao wa lugha hizo mbili nyingine. Lakini picha zilionyesha upungufu ule ule wa utendaji katika sehemu ile ile ya upande wa kushoto wa ubongo kwa makundi yote matatu. Hali ni moja, ila tahajia ya lugha ndiyo inayoamua iwe dhahiri au iwe imefichika.

Kiswahili sanifu, ambacho tahajia yake ya herufi za Kirumi iliwekewa utaratibu na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kiko upande wa Kiitaliano na Kifini. (Wazee wa pwani waliosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikabili ugumu wa namna nyingine kabisa, kwa kuwa maandishi yale ya kale yalikuwa na alama za irabu tatu kwa lugha yenye irabu tano, na mara nyingi hayakuionyesha nazali iliyo mbele ya b au d, hivi kwamba msomaji alilazimika kuikisia maana kabla ya kulitamka neno; herufi za Kirumi zimeugeuza mpangilio huo, zikamruhusu msomaji atamke kwanza na kuelewa baadaye, au atamke bila kuelewa kabisa.) Kutokana na unyoofu huo, mtoto wa Kiswahili mwenye disleksia ambaye amepata mwalimu mwenye bidii hatimaye huzijua silabi, na akipewa muda wa kutosha huweza kulifikia neno. Asichokipata ni wepesi. Husoma silabi baada ya silabi hata darasa la tano, wakati wenzake wamekwisha kulitambua neno zima kwa kulitupia jicho mara moja, na kwa kuwa mwishoni analitamka neno sawasawa, mwalimu humhesabu kuwa anajua kusoma ila hana bidii.

Wepesi huo katika Kiswahili una thamani kubwa kuliko katika lugha nyingi, kwa sababu ya jinsi neno la Kiswahili linavyojengwa. Kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa, mzizi na kauli, na neno kama wanaotutafutia lina herufi 14 na silabi 8, ingawa ni neno la kawaida ambalo mtoto wa miaka minne analisema bila kufikiri. Anayelisoma silabi moja moja hana budi kuishikilia wa ya mwanzo akilini hadi afike a ya mwisho, na kama kumbukumbu yake ya sauti ni dhaifu, kama ilivyo kwa wengi wenye disleksia, mwanzo huwa umekwisha kupotea mwisho ukifika. Baadhi ya watoto hujiokoa kwa kuukamata mzizi na kuyakisia mengine, na hapo ndipo unyoofu wa tahajia unapoacha kuwa msaada, kwa kuwa amempiga, amenipiga, amempigia na amepigwa ni maneno yanayofanana sana machoni, lakini aliyepiga, aliyepigwa na aliyepigiwa hubadilika kila mara. Mtoto anayekisia katikati ya maneno hayo hataonekana amekosea kusoma. Ataonekana hakuielewa hadithi, na ataambiwa awe makini.

Yako pia mambo madogo ya tahajia ambayo mtu mzima huyasahau kwa kuwa aliyazoea zamani. Herufi mbili huwakilisha sauti moja katika sh, ch, ny, dh, th na gh. Alama ndogo ya juu ndiyo peke yake inayoitenga sauti ya kwanza ya ng'ombe na ile ya ngoma. M ni silabi kamili katika mtu lakini si silabi katika mbuzi, na neno mbuni husomwa kwa njia moja likiwa ndege na kwa njia nyingine likiwa mtu anayebuni. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2003, walifikia hitimisho linalopingana na imani ya wengi, kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia nyoofu si kazi nyepesi. Juu ya hayo kuna athari ya lugha ya nyumbani: mtoto ambaye lugha ya mama yake haitofautishi l na r ataandika kura akikusudia kula, na ambaye hakuzoea dh ataandika zambi, bila kuwa na disleksia yoyote. Mwalimu anayesahihisha imla anaweza kuzitenganisha hali hizo akitazama mpangilio wa makosa kuliko idadi yake, kwa sababu makosa ya lugha ya nyumbani hurudi pale pale kila mara na hulingana na namna mtoto anavyotamka, wakati makosa ya disleksia hubadilikabadilika, silabi ikidondoka leo hapa na kesho kule, na neno moja likaandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja.

Kilichofichwa na Kiswahili hufichuliwa na Kiingereza. Nchini Kenya Kiingereza hufundishwa tangu mwanzo na huchukua nafasi ya lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne, na nchini Tanzania mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali, aliyefundishwa kwa Kiswahili, hukabiliwa na vitabu vya Kiingereza katika kila somo la sekondari isipokuwa Kiswahili na machache mengine. Kwa mtoto mwenye disleksia mpito huo ni mgumu mara mbili, maana hakutani na lugha ngeni tu bali pia na maandishi yasiyoziheshimu kanuni alizozipata kwa taabu, na kwa kuwa wanafunzi wengi wa darasa lake wanataabika na lugha hiyo, taabu yake ya pekee humezwa ndani ya taabu ya wote.

Kumezwa huko ndiko tatizo kubwa kuliko yote la kuitambua disleksia Afrika Mashariki. Tathmini ya Uwezo iliyofanywa Tanzania mwaka 2010, kwa watafiti kwenda nyumba kwa nyumba na kuwapima watoto kusoma, ilikuta kwamba takriban theluthi moja tu ya wanafunzi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Makadirio yanayotumiwa mara nyingi na watafiti ni kwamba disleksia huwapata watoto kati ya asilimia 5 na 10, kutegemea mpaka unaowekwa, kwa kuwa ni hali yenye viwango kama urefu wa mtu, si ugonjwa ambao mtu ama anao ama hana. Maana ya tarakimu hizo mbili zikiwekwa pamoja ni kwamba wengi wa watoto wasiosoma hawana ulemavu wowote, bali wamekosa vitabu, muda au mafunzo, na kwamba katika darasa ambalo wengi hawasomi hakuna kipimo kitakachomtenga yule ambaye angeshindwa hata kama angepewa vyote. Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015, na mradi wa Tusome ulioanza Kenya mwaka huo huo, haikuanzishwa kwa ajili ya watoto wenye disleksia. Lakini kadiri mafunzo ya kawaida yanavyoboreka ndivyo wanaobaki nyuma wanavyozidi kuonekana kuwa ni wale wanaohitaji kitu kingine.

Mantiki hiyo ndiyo inayotumika sasa pia katika nchi tajiri. Zamani mtoto alihesabiwa kuwa na disleksia pale tu alama zake za kipimo cha akili zilipokuwa juu sana kuliko alama zake za kusoma, utaratibu ambao uliwaacha nje watoto wenye akili za wastani na wale wasioweza kugharamia kipimo. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliuacha utaratibu huo, ukaweka sharti kwamba ugumu uwe umedumu kwa angalau miezi sita ingawa mtoto amepewa msaada unaoulenga. Uchunguzi wa picha za ubongo uliochapishwa mwaka 2011 na Hiroko Tanaka, Fumiko Hoeft na wenzao ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba wasomaji dhaifu wenye alama za juu za akili na wale wenye alama za chini hawatofautiani katika utendaji wa ubongo unaohusu sauti za maneno. Kwa shule isiyo na mwanasaikolojia hii ni habari njema, kwa sababu kipimo cha kwanza si mtihani wa gharama bali ni mafunzo mazuri yanayofuatwa kwa macho makini.

Kuhusu asili ya disleksia, jambo lisilo na shaka ni kwamba hurithiwa kwa kiasi kikubwa, ingawa si kwa jeni moja. Utafiti wa Catherine Doust na wenzake uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha zaidi ya watu 51,000 waliosema wamewahi kuambiwa wana disleksia na zaidi ya milioni moja wasio nayo, ulipata sehemu 42 za urithi zinazohusiana nayo, kila moja ikiwa na mchango mdogo. Mzazi anayelalamika kwamba mtoto wake hasomi huenda akakumbuka, akiulizwa kwa upole, kwamba naye alikimbia shule kwa sababu hiyo hiyo. Imani nyingine iliyoporomoka ni ya kwamba disleksia ni ya wavulana: Sally Shaywitz na wenzake walionyesha mwaka 1990, huko Connecticut, kwamba shule ziliwataja wavulana wengi zaidi kwa mbali, lakini watafiti walipowapima watoto wote wavulana na wasichana walikaribiana, kwa kuwa mvulana asiyesoma hufanya fujo akaonekana, na msichana asiyesoma hukaa kimya akasahauliwa.

Dawa ya kumeza haipo, na miwani ya rangi haisaidii. Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani na vyama vya madaktari wa macho vya nchi hiyo vilitoa tamko mwaka 2009 kwamba mazoezi ya macho na vioo vya rangi havina ushahidi wa kutibu disleksia, na mzazi anayeuziwa vitu hivyo anapotezewa fedha pamoja na miaka ambayo mtoto angeitumia kujifunza. Kinachosaidia kinachosha kwa ukawaida wake: kufundishwa uhusiano wa herufi na sauti waziwazi, kwa mpangilio, hatua ndogo ndogo, kwa kurudia mara nyingi kuliko watoto wengine, na kuanza mapema. Njia ya silabi inayotumika katika Kiswahili ni msingi mzuri kwa kazi hiyo, ila humtosha mtoto mwenye disleksia pale tu inapoteremka hatua moja chini, akaonyeshwa kwamba ba na bu zinashirikiana sauti ya kwanza na kwamba ba na ta zinashirikiana ya pili. La sivyo huzikariri silabi kama picha, kumi, ishirini, thelathini, mpaka kumbukumbu ijae. Baada ya usahihi hufuata kazi ndefu zaidi ya wepesi, ambayo hufanywa kwa kuisoma habari fupi ile ile mara kadhaa kwa sauti mbele ya msikilizaji mmoja mwenye subira. Kumsimamisha mbele ya watoto 80 asome, huku wenzake wakimwita kilaza, humfundisha kuogopa kitabu tu.

Ushahidi wa kina kuhusu kuanza mapema umetoka Finland, ambako Heikki Lyytinen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä waliwafuatilia takriban watoto 200 tangu kuzaliwa katika miaka ya 1990, nusu yao wakitoka katika familia zenye disleksia, na kuona kwamba hata namna ubongo wa mtoto mchanga unavyozipokea sauti za lugha ilihusiana na maendeleo yake ya baadaye, na kwamba mtoto wa miaka mitano asiyezishika herufi ingawa amefundishwa anastahili kuangaliwa kwa karibu. Kutokana na kazi hiyo walitengeneza mchezo wa kompyuta na simu uitwao GraphoGame, ambao mtoto husikia sauti na kuigusa herufi au silabi yake kabla haijaanguka, mchezo ukipunguza au kuongeza ugumu kulingana na majibu yake. Matoleo yake yametengenezwa kwa lugha kadhaa za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo, na jaribio kubwa lililofanywa katika shule za serikali mjini Lusaka kwa Kinyanja, lugha ya Kibantu yenye tahajia nyoofu kama Kiswahili, liliwahusisha zaidi ya wanafunzi 500 wa darasa la kwanza na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Watafiti waliwagawa wanafunzi hao katika makundi: katika baadhi mtoto peke yake aliucheza mchezo, katika mengine mwalimu peke yake, na katika mengine wote wawili. Waliopata faida kubwa zaidi ni watoto wa kundi ambalo mwalimu naye alikaa na simu hiyo, akazisikiliza sauti za lugha yake mwenyewe moja moja.